Ugomvi wa Ndugu na Njia ya Kupatana



Wakristu wapendwa, ninyi mliokusanyika mbele ya chombo cha redio, na ninyi mtakaosomewa somo hili na katekista wenu, leo twataka kunena juu ya ugomvi na juu ya kazi ngumu ya kuwapatanisha watu. Twanena juu ya ugomvi ulio mlangoni petu: mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, mahari isiyokwisha kulipwa, urithi wa marehemu.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Katika kijiji kimoja tulikofundisha walikuwako ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, wote wamebatizwa. Baba yao alipofariki aliacha michikichi 14 karibu na mto. Mkubwa akasema, «Michikichi ni yangu.» Mdogo akasema, «Ni yangu mimi.» Mwaka mzima ulipita bila wao kusalimiana, na wake zao wakateka maji kwa njia mbili mbalimbali ili wasikutane. Pasaka ilipokaribia, tulitaka wapokee Komunyo pamoja. Na kusema kweli, tulitaka pia Padri akifika aone kwamba kijiji chetu ni kizima. Tukawaita mbele ya watu wote, tukagawa michikichi saba kwa saba, tukawaamuru wapeane mikono. Wakapeana. Kabla ya juma kwisha, usiku, mtu alikata michikichi mitatu kwa shoka.

Tulikuwa tumegawa miti kwa haki kabisa, hata mtoto angeweza kuhesabu. Lakini hatukumwuliza hata mmoja wao: Wewe waitaka kwa nini?

Tazameni sasa habari ya Yakobo na Ezau katika Kitabu cha Mwanzo. Mwajua ya kuwa Yakobo alimdanganya baba yake kipofu, akaichukua baraka ya mkubwa wake. Ezau akakusudia kumwua. Mama yao Rebeka alimtuma Yakobo akimbilie kwa mjomba wake Labani, akae huko siku chache tu, mpaka hasira ya ndugu yake ipoe. Siku chache! Alikaa miaka 20. Mama huyu aliwajua wanawe vizuri, lakini hata yeye hakuijua hasira ilivyo na maisha marefu.

Yakobo aliporudi, akaambiwa kwamba Ezau anakuja kumlaki na watu 400. Aliogopa sana. Alisali, na baada ya kusali hakukaa bure. Alitoa zawadi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia wanyonyeshao 30 pamoja na watoto wao, ng'ombe 50, punda 30. Wengi husoma hesabu hii kwa kushangaa utajiri, wakapita. Lakini angalieni jinsi alivyozipeleka. Hakuzipeleka zote mara moja. Aliwagawa wanyama makundi makundi, akaamuru pawepo nafasi kati ya kundi na kundi, na kila mchungaji aseme neno lile lile, kwamba hizi ni zawadi za mtumishi wako Yakobo kwa bwana wake Ezau.

Kwa nini ile nafasi? Kwa sababu moyo wa mwenye hasira haugeuki kwa pigo moja. Anakutana na kundi la kwanza, anasema moyoni, «Ananihonga.» Anatembea tena, anakutana na la pili, na la tatu, miguu yaenda na hasira yashuka. Na kwa nini lile neno «mtumishi»? Basi kumbukeni kitu alichonyang'anywa Ezau. Hakunyang'anywa mbuzi. Alinyang'anywa ukubwa wake, heshima ya mzaliwa wa kwanza. Yakobo alipomwita bwana, na alipoinama hadi chini mara saba mbele yake, alikuwa anarudisha kwa kinywa chake na kwa magoti yake kile alichokichukua kwa hila. Ezau akapiga mbio, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Tena Ezau akazikataa zile zawadi kwanza, akisema anavyo vya kumtosha. Mwaona? Mifugo haikuwa kiini cha shauri.

Kuna jambo jingine katika habari hii ambalo makatekista wengi hatulifundishi. Baada ya kulia na kukumbatiana, Ezau alitaka wasafiri pamoja. Yakobo akamjibu kwa adabu kwamba watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, yeye atakwenda polepole. Ezau akarudi Seiri, Yakobo akaenda Sukoti. Walipatana, lakini hawakujenga boma moja. Miaka ilipita, baba yao Izaki akafa, nao wakamzika pamoja, wote wawili. Sisi twapenda kuwalazimisha waliopatana wale sahani moja siku ile ile. Maandiko hayakuwalazimisha.

Pengine mtasema: hayo ni mambo ya wazee wa zamani. Sikieni basi habari ya siku za karibu. Mwaka 1978 nchi mbili za Amerika ya Kusini, Ajentina na Chile, zilikuwa tayari kupigana, ingawa watu wao walio wengi ni Wakatoliki. Waligombea mpaka wa kusini kabisa, penye mlangobahari wa Beagle, na visiwa vitatu vidogo: Picton, Nueva na Lennox. Mwaka 1977 baraza la waamuzi watano lilikuwa limekata shauri kwamba visiwa ni vya Chile. Ajentina ikalikataa shauri hilo mwezi wa Januari 1978, na ilipofika Desemba askari walikuwa wamekwisha kupangwa. Hukumu ilikuwako, imeandikwa vizuri, lakini amani haikuwako.

Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyechaguliwa miezi miwili tu kabla ya hapo, akamtuma Kardinali Antonio Samorè, mzee wa miaka 73. Mzee huyu hakuwaweka wakubwa wa nchi uso kwa uso wapigiane kelele. Alikwenda Buenos Aires, akasikiliza. Akaenda Santiago, akasikiliza. Akarudi tena, na tena. Tarehe 8 Januari 1979, mjini Montevideo, pande mbili zilitia sahihi: zilimwomba Papa awe mpatanishi, na ziliahidi kutotumia nguvu za silaha. Hapo kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Ilichukua karibu miaka sita. Kardinali mwenyewe alifariki mwaka 1983, hakuuona mwisho wake. Mkataba ulitiwa sahihi Vatikani tarehe 29 Novemba 1984.

Nao walipatanaje? Katika kusikiliza kwingi ilionekana kwamba hawa na hawa hawakuwa wakitafuta kitu kimoja. Chile ilitaka visiwa. Ajentina iliogopa hasa kwamba mwenye visiwa ataieneza enzi yake mbali katika bahari ya Atlantiki. Basi visiwa vikakaa na Chile, na sehemu kubwa ya bahari ya upande ule ikawa ya Ajentina. Wangeendelea kusema tu «Visiwa ni vyetu, visiwa ni vyetu», vijana wangekufa kwa maelfu.

Bwana wetu, katika Evanjili ya Mateo, mlango wa 18, ametuagiza kwamba ndugu akitukosea, kwanza twende kwake peke yetu. Asiposikia, tuchukue mmoja au wawili. Mwisho ndipo tuliambie Kanisa. Sisi tulianzia mwisho. Tuliwaita wale ndugu wawili mbele ya baraza zima, na mtu aliye mbele ya baraza hawezi kusema linalomwuma. Aona haya, anasema linalomsimamisha mbele ya watu: «Ni yangu.» Akisha kulisema mbele ya wakwe na watoto, kulirudisha ni kama kuvuliwa nguo.

Lakini kupatana si kuficha wizi. Zakayo alirudisha mara nne. Tena mpatanishi aliyekula kuku wa upande mmoja afadhali akae nyumbani kwake; twasema hivi kwa sababu tumewaona.

Basi, baada ya ile michikichi kukatwa, tulianza upya. Tulikwenda kwa mkubwa jioni, tukakaa. Siku ya kwanza alitukana tu, nasi tukanyamaza. Siku ya tatu akasema: baba amezikwa pale karibu na mto, na huyu mdogo ana madeni, siku moja atapauza mahali pale kwa mgeni, na kaburi litalimwa. Mawese hakuyahitaji, alikuwa na michikichi yake mingine. Tulikwenda kwa mdogo. Yeye alihitaji mawese ya kuuza, apate fedha za shule ya watoto. Na baada ya kimya kirefu akaongeza: siku ya kugawa urithi hawakumwita, aliambiwa na watoto njiani, kama mpita njia.

Hapo miti iligawanyika kwa urahisi. Mdogo akate mikungu ya michikichi 11 iliyobaki, na kila mavuno apeleke bidoni moja ya mawese kwa mkubwa wake. Mkubwa awe mlinzi wa kaburi, na mahali pale pasiuzwe bila neno lake. Naye, mbele ya wazee wale wale wa ukoo, alikiri kwamba alikosa kwa kutomwita ndugu yake.

Juu ya ile mitatu iliyokatwa, wazee walitaka kumtafuta mwenye shoka. Tuliwaomba wangoje. Mwezi uliofuata mkubwa alikwenda kwa mdogo wake usiku, peke yake. Walizungumza nini, hatukuuliza. Asubuhi tulipopita kwenda kufundisha tuliwakuta wote wawili kando ya mto, wanachimba visiki.