Matangazo ya Mtandaoni Mchana, Riwaya Alfajiri

Hotuba ya mkazi wa Machakos anayefanya kazi ya matangazo ya mtandaoni, aliyoitoa mbele ya vijana wa kaunti.



Nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyoweza kuandika riwaya huku akifanya kazi ya matangazo ya mtandaoni, bila kuharibu hata moja. Naomba nianze na jinsi nilivyoharibu zote mbili.

Kazi yangu ni kuwatafutia watu wateja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye hoteli, mkulima wa maembe, hao wote hunilipa niwaandikie matangazo ya Facebook, Instagram na TikTok, niwajibu wanaouliza bei, kisha mwisho wa mwezi nionyeshe pesa zilizotumika na watu waliopiga simu. Mwanzoni niliifanya kazi hii nikiwa nimeajiriwa Nairobi. Nilikuwa nikipanda matatu hapa mjini saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Nikishakula, nafungua kompyuta niandike riwaya. Mwaka mzima nilipata kurasa 19, na nyingi kati ya hizo zilikuwa mwanzo uleule nilioandika upya.

Nikalaumu muda, basi nikaacha kazi. Mama hakunigombeza, aliniuliza tu karo ya mdogo wangu italipwa na nani. Nilimwambia riwaya ikitoka itatulipia sote. (Mnacheka, lakini nilikuwa nimeamini.)

Akiba iliisha mwezi wa tatu. Kuanzia hapo kila ukurasa nilioandika niliupigia hesabu: huu utauzika? Kila sura niliimaliza kwa mtego ili msomaji asiweke kitabu chini. Nilipofikisha kurasa 90 nilimpelekea shangazi yangu wa Mutituni, mwalimu mstaafu. Alikaa nazo wiki moja. Nilipomwendea akaniambia, "Mwanangu, hiki kitabu kinanipigia kelele. Ni kama ile spika ya duka la simu pale stendi."

Niliondoka nimekasirika. Usiku nikazisoma zile kurasa kwa sauti, nikaona alichokiona. Nilikuwa nimeandika tangazo la kurasa 90.

Vijana wenzangu, hili ndilo nililotaka kuwaeleza leo. Saa zipo. Mimi nilipokuwa na saa zote za siku ndipo nilipoandika vibaya zaidi. Shida ni kwamba matangazo na riwaya huteka maji katika kisima kimoja, nacho ni maneno. Ukiteka mchana kutwa kwa ajili ya wateja, usiku unapata matope. Tena mkono unazoea. Tangazo lina sekunde mbili au tatu za kumshika mtu kabla kidole hakijapita, na halitaki msomaji awe na shaka. Riwaya inahitaji msomaji aliyetulia, anayejiuliza kama huyu mama kwenye hadithi ana makosa au hana.

Basi nikarudi kutafuta kazi, safari hii nikiwa nyumbani, na wateja wachache wa hapa hapa kaunti. Nikabadilisha mpangilio. Naandika kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, data ikiwa imezimwa, kabla sijasoma ujumbe wa mteja yeyote. Ukurasa mmoja ukipatikana, inatosha. Matangazo huanza saa mbili. Na kwa kuwa karo inalipwa na matangazo, riwaya sijaidai chochote. Riwaya ya kwanza iliisha kwa mwaka mmoja na miezi minne.

Msidhani haya ni mambo ya kizazi cha simu. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea na ajira za serikali Tanganyika kwa miaka mingi, huku akiandika vitabu tunavyosoma mpaka leo. Ken Walibora alikuwa akitusomea habari kwenye runinga huku akiandika riwaya. Lakini mfano ninaoupenda ni wa kwetu Ukambani: David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939, wakati Kilungu ikiwa bado Wilaya ya Machakos. Alikuwa mchoraji katika Sauti ya Kenya. Mwaka 1972 alianzisha kampuni yake ya vitabu, Comb Books, akatoa vijitabu vidogo, vya bei nafuu, kuhusu makarani, walevi na masekretari wa Nairobi. Alijua mnunuzi wake ni nani kabla hajaandika neno la kwanza. Wazee wengi walivificha vitabu vile, na Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Mimi sitetei kila kilichomo. Ninachosema ni kwamba alijua kuuza kuliko wengi wetu wenye simu za maelfu, na bado mwaka 1991 alitoa Broken Drum, kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000. Kitabu kama hicho hakiandikwi na mtu anayewaza soko la wiki ijayo.

Sasa mambo mawili ya sheria, kwa sababu nimeyapitia.

La kwanza ni mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, unachoandika kama sehemu ya kazi uliyoajiriwa ni mali ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Matangazo, sawa, ni yake. Lakini kuna mikataba inayosema kila ulichoandika kwenye kompyuta ya ofisi ni cha ofisi. Mwajiri mmoja aliwahi kudai hadithi yangu fupi kwa sababu hiyo. Kilichoniokoa ni daftari: rasimu ya kwanza niliiandika kwa kalamu, tarehe ikiwa juu ya ukurasa. Someni mkataba kabla ya kusaini, na riwaya iandikwe kwenye kifaa chako mwenyewe. Kazi ikikamilika, unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Namba ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa.

La pili ni namba za wateja. Riwaya yangu ilipotoka nilikuwa na nakala 300 chini ya kitanda na, kwenye kompyuta, orodha ya maelfu ya watu walionunua kwa wateja wangu. Ujumbe mmoja tu, labda nakala zingekwisha kwa wiki. Nilikaa na kidole juu ya kitufe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake, na wale watu walitoa namba zao wapate saruji, hawakuomba riwaya. Nikafunga ile orodha. Nakala nimeziuza mojamoja kupitia WhatsApp, malipo ya M-Pesa, kifurushi kwenye matatu. Zimebaki 41, na ziko kwenye mkoba huu.

Riwaya ya pili iko ukurasa wa 143. Jana sikuandika kitu, maana mkulima mmoja alikuwa na maembe ya kuuzwa kabla hayajaoza, na huyo hawezi kungoja. Leo alfajiri nimepata nusu ukurasa kabla ya kuja hapa. Yule kijana aliyeinua mkono pale nyuma, karibu, uliza swali lako.