Sura ya Zamani, Moteri ya Nani?

Masomo: Yeremia 6:16, 2 Timoteo 3:5, Waefeso 4:22-24



Wazee wetu wanaikumbuka ile gari ndogo ya Volkswagen yenye mgongo wa duara, ambayo kwa Kifaransa tunaiita Coccinelle. Moteri yake ilikaa nyuma, tena ilipozwa kwa upepo, bila maji. Mwaka 1998 kiwanda kikaleta New Beetle. Ukiiona kwa mbali unasema: ni ile ile ya wakati wa baba! Lakini fungua kapo. Moteri iko mbele, inapozwa kwa maji, na chini imejengwa kama Golf. Toyota nao, mwaka 2006, walitoa FJ Cruiser yenye uso wa Land Cruiser ya zamani: taa za duara na paa jeupe.

Hatusemi kwamba ni dhambi. Kiwanda hakikudanganya mtu. Kilichukua sura ambayo watu wanaipenda, kikatia ndani moteri mpya. Shida ni sisi, maana tumefanya kinyume: tumevaa sura ya baba zetu wa imani, na ndani tumeacha moteri ya utu wa kale.

Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, na kazi ya Kipentekoste ikaanza huko. Burton alikuwa injinia. Alijua vyuma, lakini hakuja kuhubiri vyuma. Leo sisi tunarithi nini? Mikesha tunayo. Biblia kubwa kwapani tunayo. Sisi wachungaji tutangulie kuungama: tumeiga hata sauti ya wazee kwenye mikro, halafu tukifika nyumbani hatusemezani na ndugu yetu.

Wapendwa, tangu vita vya Wabatwa na Waluba vilivyowaka mwaka 2016, watu wengi walikimbilia hapa Kalemie. Wengine wanasali pamoja nasi. Je, Jumapili tukiimba juu ya upendo, hatuchungulii kwanza anayekaa pembeni yetu ni wa kabila gani? Tunainua mikono, lakini benchi lina mpaka katikati. Hiyo ndiyo sura ya utauwa ambayo Paulo alimwonya Timoteo: nje inang'aa, nguvu yake imekanwa.

Katika Yeremia, Mungu anatuma watu waulize njia za zamani. Lakini hakuishia kwenye kuuliza. Aliwaambia waende katika njia hiyo. Gari haijulikani ikiwa imesimama na kung'arishwa. Inajulikana kwenye matope, njiani kwenda Nyunzu wakati wa mvua. Na imani yetu inajulikana siku tunapokutana na mtu aliyetukosea, au ambaye watu wake waliwakosea watu wetu.

Basi, kabla ya Jumapili, kila mmoja wetu afungue kapo. Tumtafute mtu mmoja tunayemkwepa, tumsalimie kwa jina, tukae naye, tuombe naye. Tusingoje yeye aanze.

Tuombe: Ee Bwana, usitupake rangi tu. Tubadilishe ndani, kwa Roho wako Mtakatifu, katika jina la Yesu. Amina.

Mungu awabariki.