Mto nao yupo kwenye foleni: kutoka Themi mpaka Pangani

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye darasa la vijana wa chama hapa Arusha. Nayaweka kwa ajili ya waliokosa.)

 

Nimeombwa nizungumzie sheria ya maji. Naanza na mto wenyewe, maana sheria bila mto ni makaratasi tu.

Mto Themi tunaouvuka kila siku hauishii Njiro. Unashuka tambarare na kuingia Kikuletwa, pamoja na maji mengine ya Meru: Nduruma, Tengeru, Usa. Kikuletwa inapokea mito ya Kilimanjaro, inakutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia pale mto unaitwa Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo sisi wa Arusha ndio tumekaa kwenye koki.

Sasa, mto wa tambarare si bomba. Mlimani maji yanakimbia. Huku chini yanatembea, yanafurika, yanalala kwenye majani, halafu yanarudi. Uhai wake uko kwenye kule kufurika. Samaki wanaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, wanazaliana, na watoto wao wanakulia humo. Maji yakirudi yanaacha udongo wenye rutuba na malisho ya kiangazi. Watu wa Rufiji wana jina kabisa la kilimo kinachofuata mafuriko: mlau.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960. Limetupa umeme na samaki, hatukatai. Lakini chini yake kuna kinamasi cha Kirua, kilichokuwa kinashibishwa na mafuriko. Mafuriko yalipozuiwa, kinamasi kikasinyaa, samaki na malisho vikapungua. Nenda mbele zaidi, Pangani kwenyewe: mto ukikosa nguvu bahari inapanda, maji ya chumvi yanaingia ndani na kuharibu mashamba. Na kuna perege, wataalamu wanamwita Oreochromis jipe, ambaye asili yake ni bonde hili tu. Akiisha hapa, ameisha duniani.

Msifikiri ni hadithi ya zamani. Rufiji leo kuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba za watu, na bwawa lipo. Anayeishi chini ya bwawa lazima awe na sauti kwenye uamuzi wa lini maji yafunguliwe na kiasi gani.

Sheria inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imepanga foleni. Wa kwanza ni binadamu: kunywa, kupika, kuoga. Wa pili ni mazingira, yaani mto wenyewe. Wa tatu ndiyo shughuli za uchumi: mashamba makubwa, viwanda, umeme. Yaani mto uko mbele ya mwekezaji! Siyo mimi nasema, Bunge lilipitisha.

Je, foleni inafuatwa? Hatuwezi kujua kama hatuoni nani kapewa maji kiasi gani. Kwa hiyo tudai mambo matatu.

Moja, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, pale Moshi, ibandike vibali vyote hadharani mpaka ofisi za kata: jina, mto, kiasi.

Mbili, mita 60 za kingo za mto, zilizomo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zipimwe kwa wote. Isiwe mama wa mchicha anafukuzwa Themi huku mwenye ukuta na geti anaachwa.

Tatu, sisi wenyewe tuingie kwenye jumuiya za watumia maji. Kule ndiko zamu za mifereji zinapangwa, na vijana hatuonekani. Na tuache kutupa taka mtaroni. Chupa ya Kijenge ina safari ndefu.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alitoka hapa Meru akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya watu wake. Sisi tunaambiwa twende Moshi tu, tukaulize maji yanakwenda wapi. Nauli tunayo.

Nguvu ya umma!