KIWANDA KIJE, LAKINI NANI ATALIPA?

Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli katika mkutano wa tawi



Wengi wetu tuna watoto waliomaliza shule na hawana kazi. Kwa hiyo mtu akisema, "Tumsamehe mwenye kiwanda kodi ili aje kwetu," sote tunapiga makofi. Mimi pia napiga. Lakini leo naomba tuhesabu kwanza.

Njia za kumvuta mwenye kiwanda ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kumpunguzia kodi. Ya pili ni bondi: serikali ya mahali huuza hati, wenye fedha huzinunua, na fedha hizo hununua ardhi na kutengeneza barabara na mabomba ya maji. Deni hilo hulipwa pamoja na riba, kiwanda kikija au kisipokuja.

Tazameni jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn kutoka Taiwan iliahidi kujenga kiwanda katika mji mdogo wa Mount Pleasant na kuajiri watu 13,000. Jimbo likaahidi karibu dola bilioni 3. Mji nao ukakopa, ukanunua mashamba na nyumba, wenyeji wakahama.

Kazi 13,000 hazikuja. Mwaka 2021 mapatano yaliandikwa upya: kazi 1,454, na nafuu ya kodi isiyozidi dola milioni 80.

Sasa angalieni tofauti. Jimbo lilikuwa limeandika kwamba nafuu itatolewa baada ya watu kuajiriwa, kwa hiyo mwaka 2020 lilikataa kuitoa. Lakini mji ulikuwa umekwisha kukopa na kutumia. Kifungu kimoja kilichoukinga ni hiki: kampuni ilikubali kwamba, kuanzia mwaka 2023, italipa kodi kana kwamba mali yake pale ina thamani ya dola bilioni 1.4, hata kama majengo hayakufika kiasi hicho.

Ndugu zangu, sisi hulipwa mwisho wa mwezi, baada ya kazi. Mwenye kiwanda naye alipwe baada ya kazi.

Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 212, yasema kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali ya taifa na kibali cha bunge la kaunti. Wanaokaa katika bunge hilo huja kwetu kuomba kura. Basi kabla hawajainua mkono, tuwaulize: Kazi ni ngapi, na ni za kudumu au za kibarua? Mshahara ni kiasi gani? Chama cha wafanya kazi kitaruhusiwa kuingia? Ahadi ikivunjika, nani atarudisha fedha?

Majibu yaandikwe katika mapatano, yasiwe ya mdomo. Ahadi ya jukwaani hailipi deni. Deni litalipwa na watoto wetu, hata wale ambao hawakupata kazi hiyo.