Kusaidiana Katika Wema na Kutunza Amana

(Hotuba iliyosomwa na Sheikh wa chama mbele ya mkutano wa wanachama, Kampala)

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. 

Halmashauri ya chama chetu imeniomba niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana mabarazani mwetu, nalo ni hizi klabu za kuhudumia watu, hasa Rotary, na michango wanayoikusanya kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Wako wanaouliza: Je, yafaa Mwislamu kununua fulana yao na kukimbia katika mbio zao? Je, yafaa chama chetu kushirikiana nao? Na wako wanaouliza swali lililo gumu zaidi: Kwa nini watu wetu huwapa wale kwa wepesi, na kapu la chama chetu likipitishwa huambulia sarafu? Nitayajibu maswali haya kwa pamoja, maana naona mzizi wake ni mmoja.

Kwanza yafaa tuwajue watu tunaowazungumzia. Klabu ya kwanza ya Rotary ilianzishwa katika mji wa Chicago, Marekani, mwezi wa Februari 1905. Mwanzilishi wake alikuwa mwanasheria, jina lake Paul Harris, pamoja na wenziwe watatu: mfanya biashara ya makaa ya mawe, mhandisi wa migodi, na mshoni wa nguo. Walikuwa wakikutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na ndiyo asili ya jina la Rotary, maana yake kuzunguka. Mwanzoni walitafuta urafiki na kuinuana katika kazi zao. Lakini hawakukaa muda mrefu ila waliona kwamba urafiki usiowafaa wengine ni mti usiozaa. Mwaka 1907 wakasimamia kujengwa kwa vyoo vya umma katika mji wao. Tazameni walivyoanza: hawakuanza kwa jumba la fahari, walianza kwa choo, kwa sababu choo ndicho kilichohitajiwa.

Mwaka 1917 mmoja wao alitoa shauri kwamba wawe na mfuko wa kudumu wa kufanyia wema duniani. Mchango wa kwanza uliotiwa katika mfuko ule ulikuwa dola 26 na senti 50. Leo mfuko huo wahesabiwa kwa mamilioni mengi. Hapa kwetu Kampala klabu yao ya kwanza ilianza mwaka 1957, na sasa wana klabu nyingi katika miji ya Uganda, na miongoni mwa wanachama wao wamo Wakristo, Wahindu na Waislamu.

Na kazi yao twaiona kwa macho yetu. Tangu mwaka 1979, walipoanza huko Ufilipino, wamejitia katika kupambana na ugonjwa wa polio, ule unaopooza viungo vya watoto. Mwaka 1988 mataifa ya dunia yaliungana katika vita hivyo, na wakati ule watoto kiasi cha 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka. Wanachama wa Rotary wamechangisha zaidi ya dola bilioni 2 kwa kazi hiyo, na wengi wao hutoka wenyewe kwenda kutia matone ya chanjo vinywani mwa watoto. Tarehe 25 Agosti 2020 bara letu la Afrika lilitangazwa kuwa limeepukana na virusi vya asili vya polio; na vilipoonekana tena Malawi na Msumbiji mwaka 2022, vilikuwa vimetoka nje ya bara hili.

Katika habari hii, ndugu zangu, mna funzo linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2003, katika jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, chanjo ile ilisimamishwa kwa muda wa miezi kumi na moja hivi, kwa sababu ulienea uvumi, na baadhi ya viongozi wa dini wakauamini, kwamba ndani yake mmetiwa dawa ya kuwafanya wasichana wawe tasa. Mwaka 2004 chanjo ikarudishwa, baada ya kupimwa, na baada ya kupatikana iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini ugonjwa haukungoja mashauri. Ulivuka mipaka ukafika Sudan, ukafika Yemen, ukafika hata Indonesia kwenyewe. Watoto waliopooza hawakuwa wa Rotary, walikuwa wetu. Mwenyezi Mungu ametuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Basi dhana mbaya isiyochunguzwa si uchaji Mungu.

Tuje karibu zaidi, hapa mjini. Tangu mwaka 2012 Rotary wa Uganda wameanzisha mbio za kuchangia matibabu ya saratani. Mtu hununua fulana, akakimbia au akatembea, na fedha zikaenda kwenye kazi iliyotajwa. Kwa fedha hizo ilijengwa wodi ya saratani katika hospitali ya Nsambya, na baadaye wakaendelea kuchangia nyumba yenye kuta nene ya kuweka mashine za kutibu kwa mionzi. Mtakumbuka mwaka 2016, mashine ya pekee ya namna hiyo katika nchi yetu, iliyokuwako Mulago, iliharibika kabisa. Wenye uwezo walikwenda nje kutafuta tiba. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 pasipo malipo. Nao waliosalia walikaa na maradhi yao. Je, saratani ilimwuliza mtu dini yake?

Hapo ndipo mwenzetu husema: Lakini Nsambya ni hospitali ya Wakatoliki. Namjibu kwa habari aijuayo kila aliyesoma Sira. Kabla ya utume, Makureshi walikutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakafunga mapatano ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa katika Makka, awe mwenyeji au mgeni. Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria akiwa kijana. Na baada ya kupewa utume aliyasifu mapatano hayo, akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile katika Uislamu, angeitika. Nyumba ile haikuwa msikiti, na waliokuwamo hawakuwa Waislamu. Kilichotazamwa ni lile jambo lenyewe. Tena Mwenyezi Mungu, katika Sura ya al-Mumtahana, hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu wala kututoa majumbani mwetu.

Hata hivyo sitaki nieleweke vibaya. Kushirikiana kuna mipaka, na mwenye kuificha hakuwashauri watu wake vema. Wako maulamaa waliotahadharisha juu ya kujiunga na klabu za namna hii, na rai yao haidharauliwi. Kwa hiyo sikuja hapa kuwaandikisheni uanachama. Nazungumzia kazi ya wema iliyo wazi, ambayo mtu huweza kuisaidia bila kuingia katika klabu.

Pili, Zaka si mali ya kutiwa katika kapu lolote. Mwenyezi Mungu amewataja wanaostahili, nao ni mafungu manane, katika Sura ya at-Tawba. Mwenye kununua fulana ya mbio asiseme ametoa Zaka yake. Lakini sadaka ya hiari mlango wake ni mpana, yafaa kumpa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Tatu, ikiwa fedha zakusanywa kwa bahati nasibu, hiyo ni kamari, ingawa faida yake yaenda kwa yatima. Na ikiwa zakusanywa katika karamu ya ulevi, sisi hatumo. Twaweza kusema hayo kwa adabu, na mtu muungwana atatuelewa.

Sasa nalirudia lile swali gumu. Kwa nini watu wetu hutoa kule kwa wepesi? Wengine husema ni kwa sababu ya kujionyesha. Huenda wapo, lakini nia za watu ajuaye ni Mungu. Mimi naona sababu tatu zilizo dhahiri.

Ya kwanza, mtoaji huambiwa fedha zake zitafanya nini. Haambiwi "changieni maendeleo". Huambiwa wodi, mashine, kisima. Ya pili, hawakusanyi fedha tupu. Daktari hutoa udaktari wake, mhasibu uhasibu wake, mwenye gari gari lake. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, kazi ikiisha mtu huiona, na hesabu huulizwa. Aliyetoa mwaka huu hutoa mwakani kwa sababu hakuachwa gizani.

Je, mambo haya ni mageni kwetu? Wallahi si mageni! Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, alikwenda kumshauri Mtume, akaifanya wakfu kwa masharti yaliyobainishwa: haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, wakatajwa watakaofaidika nayo, na msimamizi akawekewa mpaka wa kile anachoweza kula. Nabii Yusuf alipoomba asimamie hazina za Misri, alitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Mwaminifu asiyejua hesabu hatoshi, na ajuaye hesabu asiye mwaminifu ni hatari.

Na kisa cha Ibn al-Lutbiyya mwakijua. Alitumwa kukusanya Zaka, aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume alimfanyia hesabu, kisha akapanda mimbari akauliza mbele ya watu: lau mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfikia? Ndugu zangu, hesabu ile ilizungumzwa juu ya mimbari! Basi kwa nini leo mtu akiuliza habari za mfuko wa msikiti huambiwa ana fitina? Mwenye kuuliza hesabu kwa adabu hakumtuhumu mtu; amemsaidia mweka hazina kuilinda heshima yake.

Wala tusidhani kwamba wazee wetu katika nchi hizi hawakujua kupanga sadaka. Marehemu Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli, na juu yake twauona msikiti, skuli na hospitali, ambayo milango yake haikufungwa kwa asiyekuwa Mwislamu. Mwaka 1945, huko Mombasa, iliundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Aga Khan wa tatu akaahidi kutoa kiasi kile kile watakachochanga Waislamu, ili wapate moyo wa kujitegemea. Misikiti na skuli nyingi zilijengwa kwa mpango ule. Kwa hiyo ninaposema tujifunze kwa jirani, maana yake ni kukumbushwa kilichokuwa chetu.

Leo mjane akija chamani kuomba ada ya mtoto wake, huambiwa angoje Ijumaa ijayo. Na maiti akifika bila sanda, mzee mmoja hutia mkono mfukoni mwake. Haya si kwa sababu hatuna mali. Watu wetu wana maduka, wana magari, wana mishahara. Wanachokosa ni yakini kwamba walichokitoa kitafika. Yakini hiyo haijengwi kwa hotuba, wala kwa hii yangu.

Basi natoa mashauri matano, na naomba Halmashauri iyatie katika daftari la mkutano. Kwanza, kila mchango utajwe kazi yake, kiasi chake na siku ya kuufunga. Pili, fedha zitolewe kwa sahihi za watu watatu, na hesabu ya kila mwezi ibandikwe mlangoni mwa msikiti, kila mtu aisome. Tatu, Zaka iwe na daftari lake, isichanganywe na michango mingine. Nne, tuandike majina ya wanachama na kazi zao, wanaume na wanawake, daktari, muuguzi, seremala, dereva, mwalimu, mshoni, mpishi, na kila mmoja atoe siku moja kwa mwezi kwa ajili ya wenye shida. Tano, Halmashauri iwaandikie wakuu wa Rotary wa hapa kwamba tu tayari kushirikiana nao katika mbio za saratani, katika chanjo na katika kutoa damu, kwa mipaka niliyoitaja.

Ndugu zangu, kitabu hiki cha ukumbusho kitawekwa masandukuni. Wajukuu wetu watakifungua, wataona picha zetu na kanzu zetu. Hawatauliza tulivaa nini. Watauliza: fedha zile zilifanya nini? Na kabla yao atatuuliza Yeye ambaye mbele yake hapana daftari linalopotea.

Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu, azibariki mali zetu, awape shifaa wagonjwa wetu na wa jirani zetu, awarehemu waliotutangulia katika chama hiki, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.