Kinyama kikitolewa, kisitupwe
Maneno ya muuguzi wetu mbele ya mukutano wa wanachama

Wandugu, wamama kwa wababa, na ninyi marafiki munaotutumia musaada toka mbali, leo nasema jambo la haya. Wamama musitoke inje. Ninyi ndio munaosha watoto, ninyi ndio munaona wa kwanza kama kende ya mutoto haijashuka. Akifika miezi 6 bado, apelekwe kwa muganga, maana kende iliyobaki juu inapata kansa kwa urahisi zaidi.

Kwetu kila uvimbe wa mapumbu tunaita mushipa. Kumbe kuko mambo mengi. Kuko maji tu. Kuko kifua kikuu, kinashuka mpaka kule chini, na kinapona kwa vidonge vya miezi 6. Kuko kende kujinyonga: kijana analala muzima, anaamuka na maumivu makali, anatapika. Huyo usimungojeshe kuche! Masaa 6 yakipita bila damu, kende inaanza kufa. Na kuko kansa, sana sana ya vijana wa miaka 15 mpaka 40. Ni ngumu kama jiwe na mara nyingi haiumi, basi kijana ananyamaza. Kwa wazee kansa ya pale mara nyingi ni ya aina ingine, lenfoma, na dawa yake ni ingine.

Kwa macho mambo hayo yanafanana. Ndiyo sababu nyama iliyotolewa inatiwa ndani ya formalini, inapelekwa laboratware, inakatwa vipande vyembamba kushinda karatasi, inatiwa rangi, inaangaliwa kwa mikroskopu. Hapo tu jina la ugonjwa linajulikana.

Mwenzetu mumoja, tulirudi naye mashua moja toka Kigoma, alipasuliwa kende. Nikauliza bibi yake: nyama ilienda wapi? Akajibu, «Walitupa pamoja na taka. Walisema ugonjwa umeisha.» Kisha akaanza kukohoa na kukonda. Ni kansa? Ni kifua kikuu? Muganga hakujua aanzie wapi. Na kuko kansa ya kende, seminoma, hata ikishatembea mwilini inasikia dawa. Tulimuzika bila kujua.

Sanduku letu linalipa kupasuliwa na vidonge. Uchunguzi wa nyama halilipi. Naomba tupige kura leo ulipwe, pamoja na usafiri wa chupa. Na mwenye kijana anayeficha uvimbe, nitakuwa pale chini ya mwembe kisha mukutano.