Mbegu Iliyolala Haijafa



Katika Kibera na Kawangware, ambako ardhi ya kulima ni haba, wako akina mama wapandao mboga katika magunia yaliyojazwa udongo, karibu na mlango wa nyumba. Mojawapo ya mboga za kienyeji wazipendazo ni mgagani, ambao Waluo huuita dek na Wakisii chinsaga. Huacha mashina machache yakomae, mtu akakusanya mbegu zake mwenyewe, akazipanda juma lile lile na kunyunyiza maji kila jioni, usitokee hata mche mmoja. Basi husema mbegu zimekufa, akazitupa, akaenda kutoa fedha yake kununua nyingine.

Mbegu zile hazikufa, zimelala. Mbegu ingali yakua ndani ya ganda, hukusanya homoni iitwayo asidi absisiki, ambayo wataalamu waliitambua katika miaka ya 1960. Homoni ni kama mjumbe apelekaye amri katika mwili wa mmea. Huyu huamuru kiini kisichipue, kisije kikaangamia kwa jua kabla ya mvua. Mjumbe wa pili, jiberelini, aliyegunduliwa na Wajapani walipokuwa wakichunguza ugonjwa wa mpunga, husema: amka, uote. Maadamu wa kwanza ana nguvu kumshinda wa pili, hata ukimwaga debe zima la maji mbegu haitikisiki.

Waliofika Lamu wameona kizuizi hiki kikiwa dhaifu: mbegu ya mkoko huota ingali yaning'inia mtini. Mkoko wafaidika, maana mche huangukia matopeni. Lakini mahindi yaliyopungukiwa na asidi hiyo huota katika gunzi, nayo ni hasara tupu.

Kwa hiyo kausheni mbegu za mgagani kivulini, mziweke mahali pakavu miezi mitatu hata sita. Usingizi utapungua wenyewe. Mkizipanda, zifunikeni kwa udongo kidogo, kwani mwanga huzizuia kuota. Lakini kwanza jaribuni mbegu 10 katika kitambaa kibichi, gizani, mahali penye joto. Zikiota saba au nane, pandeni. Zikiota mbili tu, ngojeni mwezi mmoja, mjaribu tena. Kitambaa peke yake hakiwezi kupambanua mbegu iliyolala na iliyokufa kwa uzee. Kwa sababu hiyo andikeni tarehe ya kuvuna juu ya karatasi ya mbegu.